Elfu kumi kwa namba moja: majibu kwa wanaotulalamikia

Wiki iliyopita mteja mmoja alitoka ofisini kwetu amenuna. Alitaka tumthibitishie kiwango cha shilingi ya Kenya kwa ya Tanzania kwenye ankara zake nne za zamani, akaambiwa elfu kumi kwa kila ankara. "Elfu arobaini kwa namba nne? Si zipo kwenye simu bure!"

Si wa kwanza, na pale mezani tumechoka kurudia.

Ndiyo, kwenye simu zipo. Ila simu ukiiuliza haraka inakupa ya leo. Ukiibembeleza ikupe ya zamani, inakupa kiwango cha kati, ambacho dirishani hukipati: benki ina bei yake ya kununua na bei yake ya kuuza, na wewe ulibadilisha kwa mojawapo. Halafu kuna Jumapili na sikukuu. Tarehe 14 Oktoba sisi tuko nyumbani kwa Siku ya Nyerere, Nairobi wanafanya kazi. Tarehe 20 wao wako kwenye Mashujaa, sisi tuko kazini. Ankara yako imeandikwa siku hiyo hiyo. Unachukua cha benki kuu ipi, cha siku ipi? Na faili zima ulifuate hivyo hivyo, maana mkaguzi akikuta umerukaruka hakuachi.

Mwaka 2024 ndio ulioumiza watu. Mwishoni mwa Januari dola ilikuwa imefika shilingi 160 za Kenya. Februari serikali yao ikalipa mapema sehemu kubwa ya hatifungani (mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji) ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, wenye dola wakatulia, na kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa kwenye 131 hivi. Ya kwetu muda huo haikutikisika sana. Matokeo yake shilingi moja ya Kenya ilitoka kwenye kama 15.6 za Tanzania ikagota karibu 19.4, miezi miwili tu.

Sasa kuna kaka mmoja wa vipuri. Alinunua mzigo Nairobi wa Ksh 1,200,000, akalipa Januari hiyo. Hesabu akaandaa mwenyewe mwanzoni mwa Aprili, akafungua simu, akazidisha kwa 19.4. Kitabuni ikaingia Tsh 23,280,000, wakati mzigo ulimgharimu kama 18,720,000. Milioni nne na nusu za hewa! Mkaguzi wa kodi alipoomba uthibitisho wa malipo hakukuwa na la kusema. Gharama ikakatwa, kodi ikapanda, juu yake riba na adhabu. Alikuja kwetu baadaye, na kazi ya kurekebisha mwaka mzima si ya elfu kumi tena.

Kosa jingine ni la kuzidisha mahali pa kugawa. Benki Kuu ya Kenya inapotangaza dola, inasema shilingi ngapi za Kenya kwa dola moja. Lakini mstari wa shilingi ya Tanzania umegeuzwa: ni za kwetu ngapi kwa moja yao. Kijana mmoja alichukua fomula ya mstari wa dola, akaishusha chini mpaka huko. Bili ya usafiri ya Tsh 400,000 ikasomeka Ksh 7,760,000. Bosi wake alidhani ameibiwa.

Kazi tunayoipenda zaidi, na ndiyo inayolalamikiwa bei zaidi, ni ya karatasi za wazee. Walikuja ndugu wawili na hati ya deni la mwaka 1972, shilingi 3,000, mkopeshaji Mombasa, mkopaji Tanga. Walikuwa tayari wamezidisha kwa ishirini, kiwango cha siku hizi, kujua mkopaji alipokea shilingi ngapi za huku. Alipokea elfu tatu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitoa shilingi moja kwa nchi zetu zote, ilipoachia, na kila nchi kutoa noti zake mwaka 1966, shilingi zilianza sawa kwa sawa, na mwaka 1972 bado shilingi ilikuwa shilingi. Hata mwanzoni mwa 1986, kwenye makaratasi, tofauti ilikuwa senti: dola moja Tsh 17 huku, Ksh 16 kule. Juni tukashusha yetu mpaka 40 kwa dola, na shilingi moja ya Kenya ikawa kama mbili na nusu za kwetu.

Nasema kwenye makaratasi kwa sababu miaka ile bei ya serikali na bei ya mlanguzi zilikuwa mbali mbali. Hati ikituambia "kiwango halali" tunatumia cha serikali na tunaandika hivyo kwenye barua yetu. Tunaisaini na kugonga muhuri, na mkihojiwa tunasimama nayo. Hicho ndicho mnacholipia.

Mkija, leteni risiti ya siku mliyobadilisha, hata kama duka lenyewe lilifungwa kwenye ile operesheni ya serikali dhidi ya maduka ya kubadilisha fedha, ya 2018 na 2019. Na zile za karatasi laini, ambazo maandishi hufutika yenyewe, zitoeni nakala mapema. Mama mmoja alituletea bahasha nzima aliyoitunza kabatini miaka mitano. Tulizigeuza moja moja dirishani, zote nyeupe.