Yah: Mlikagua bustani ya juu ya paa mkasema pakavu, sasa panavuja

Kigoma Mjini

Ndugu meneja,

Habari za kazi. Mimi ndo yule mama wa gesti ya huku Mwanga yenye bustani juu ya slabu, mlikuja kuikagua mwezi wa tisa. Nimeumia kwa kweli, nimepiga simu mara nne na kila nikipiga naambiwa fundi yuko safari.

Niliwaita mapema makusudi. Mvua za huku zikishaanza ni mpaka mwezi wa nne wa tano huko, hapo katikati huwezi kufukua udongo juu ya nyumba yenye wageni. Na niliwaambia kabisa chumba namba 4 kina doa la njano kwenye jipsamu na rangi inabanduka, nataka kujua maji yanaingilia wapi. Vijana wenu wakaja saa nane mchana jua linawaka, na asubuhi yake nilikuwa nimemwagilia mchicha na mchaichai, wakapiga picha na ile kamera ya joto kama dakika ishirini hivi, wakaniambia mama hapa pakavu, wakaniandikia karatasi moja, nikalipa hela yote.

Mwezi wa kumi na moja mvua kubwa ya kwanza tu, maji yakamwagikia mgeni kitandani saa tisa usiku. Mzee wa watu, anasubiri boti. Nikampa chumba changu mi nikalala kwenye kochi.

Sasa mtoto wa shangazi yangu ni injinia, ndo kanielewesha. Kamera ile haioni maji, inaona joto la pale juu kwenye uso wa kitu tu. Inapigwa jua likishazama, maana sehemu iliyolowa inapoa taratibu kuliko kavu, hapo ndo tofauti inaonekana. Na hiyo ni kwenye paa tupu! Kwenye bustani udongo wenyewe una maji na majani yamefunika, kwahiyo mlichopiga ni picha ya mchicha wangu, membreni, lile tabaka la kuzuia maji lililoko chini ya udongo, hamkuiona kabisa. Nyie ndo wataalamu, mlitakiwa kuniambia hapo hapo kwamba kifaa hiki hakifai hapa, ningewaelewa.

Nikaita fundi wa mtaani akafukua juu ya chumba namba 4, membreni nzima, haina hata mkwaruzo. Kumbe maji yakipita kwenye tundu yanatambaa chini kwa chini yakifuata mteremko wa zege mpaka yapate ufa, so tundu linaweza kuwa mita kadhaa kutoka yanapodondokea. Nimepoteza mimea bure na hela ya fundi.

Ninachotaka mrudi mpime kwa umeme. Udongo unaloweshwa, waya unazungushwa eneo lote, umeme mdogo unapitishwa, penye tundu unashuka kwenda kwenye nondo za zege, na mtu anatembea na fimbo zake mbili mpaka anapafikia penyewe, bila kung'oa bustani nzima. Najua kwenye membreni ya raba nyeusi hicho kipimo kinasumbua kwa sababu yenyewe inapitisha umeme, ila yangu ni ya lami ile ya kuchoma kwa gesi, kwahiyo inapimika. Mkitaka ile ya kuziba mdomo wa bomba la kutolea maji ya paa na kujaza maji juu siku nzima au mbili, basi injinia aandike kwanza kwamba slabu inahimili, maana maji ya sentimita 5 tu ni kilo 50 kila mita ya mraba na udongo umeshalowa tayari. Chini wanalala watu.

Kipimo hicho msinitoze. Na mnilipe jipsamu na godoro, picha na risiti nimeambatanisha, halafu ile karatasi iliyosema pakavu muifute kwa maandishi.

Naomba jibu ndani ya siku saba. Chumba namba 4 nimekifunga, beseni naamka kulimwaga mara mbili kila usiku mvua ikinyesha.

Mama mwenye gesti, Mwanga