Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kuja kutuhesabia sigara mwaloni

Wajukuu zangu, mwangaluka, au mwadila, salamu zetu Wasukuma za asubuhi na za mchana, inategemea mnasoma saa ngapi.

Nimesikia mmeanzisha kikundi huko chuoni na mnataka kushuka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza tunaposhushia samaki wa ziwani, baadae Igombe na Ukerewe, kuuliza wavuvi habari za sigara na ugoro, na ndoto yenu ni siku moja kazi yenu isomwe kwenye mkutano wa ile jumuiya ya watafiti wa nikotini na tumbaku, SRNT. Mwenzenu mmoja kanionesha fomu yenu kwenye simu, nikaisoma yote miwani ikiwa puani, nikasema hapa nikinyamaza nitakuwa nimewakosea. Mimi nimevuta miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa kwenye mtumbwi wa dagaa, kiberiti nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kofia kisiloe. Niliacha mara ya nne kujaribu. Kwa hiyo siongei ya kusimuliwa.

Kwanza hiyo jumuiya mmeichagua vizuri. Imeanza mwaka 1994, na mwaka huo huo mwezi wa nne kule Marekani wakuu saba wa makampuni makubwa ya sigara waliinua mikono mbele ya kamati ya Bunge lao, wakaapa, afu mmoja mmoja akasema anaamini nikotini haileti uraibu. Watu wazima, na suti zao. Sasa hapo ndo unaelewa kwanini wataalamu wa kemia, madaktari, watu wa saikolojia na wa sera walihitaji meza yao moja. Wanakutana kila mwaka, na tangu 1999 wana jarida lao ambalo huwezi kuingiza kitu hivi hivi, lazima wenzako wakichambue kwanza, wakurudishie, ukasirike, urekebishe.

Kitu ninachokipenda kwa watu wa fani hii ni kwamba wale wazuri hawaanzi na kufoka. Wanaanza na kuuliza huyu mtu kwanini anashindwa. Michael Russell, daktari wa Uingereza, aliandika mwaka 1976 kwamba watu wanavuta kwa ajili ya nikotini lakini wanakufa kwa ile lami ya kwenye moshi. Mimi nilikaa miaka mingi nikidhani ni nikotini yenyewe inayoniozesha mapafu, kumbe yenyewe ndo kamba tu, imenifunga kwenye moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000. Na kamba ni fupi, ukivuta pafu ndani ya sekunde chache tu ishafika kwenye ubongo, afu kila baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka mwilini, arosto inaanza kukukuna.

Haya, fomu yenu. Swali la kwanza mmeandika "ukishaamka unavuta sigara ya kwanza baada ya dakika ngapi". Najua limetoka kwenye kipimo cha Fagerström, yale maswali ya kupima mtu ana uraibu wa nikotini kiasi gani, ukijibu ndani ya dakika 5 unapata alama za juu kabisa, maana usiku kucha mwili umekaa bila. Swali zuri sana, kwa mtu anayelala usiku. Mvuvi wa dagaa wakati wa giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo ndo tunavua, anaingia ziwani jioni, taa zinawashwa, anavuta sigara usiku kucha huku akivuta nyavu zake, anarudi alfajiri anauza, analala saa nne asubuhi, anaamka saa nane mchana anakula ugali kwanza kwa sababu njaa inamuuma kuliko sigara. Atakwambia "baada ya masaa mawili", mtaandika huyu hana uraibu, kumbe ndo teja kuliko wote. Muulizeni hivi: nyavu zikishaingia majini, unakaa muda gani kabla ya kuwasha?

Na lile la "kwa siku unavuta sigara ngapi" ndo mtachekwa kabisa. Mtumbwini fegi moja inazunguka watu wanne, nahodha anaanza, inakuja kwa mchota maji imebaki kipisi kinachounguza vidole. Huyo ni sigara ngapi? Muulize amepiga pafu ngapi, au sigara zimemla hela ngapi, mvuvi hesabu ya hela haimpotei.

Nina kinyongo changu kidogo hapa niwaambie. Zamani walikuja watu na makaratasi, sitaji wa wapi, mmoja akaniuliza leo umevuta, nikamjibu ukweli kwamba leo sijavuta, maana ilikuwa mbalamwezi niko nyumbani sina hata mia. Akaniweka upande wa wasiovuta. Na majibu hatukuyaona mpaka leo.

Mmesema pia mtakuja na mashine ya kupuliza inayopima kaboni monoksaidi. Sawa, ila mama anayebanika sangara kutwa nzima juu ya kuni, mkimpulizisha atatoka mvutaji mkubwa na hajawahi kushika sigara. Bora mate au mkojo, mtafute kotinini, ile ambayo nikotini inageuka ikishaingia mwilini, inakaa siku kadhaa. Lakini hapo tena mtanasa watumiaji wa ugoro, na wamama wetu wengi ugoro uko kwenye pindo la khanga na hawatawaambia mbele ya waume zao. Watoto wa kike kwenye kikundi chenu wawaulize wao, pembeni, wakiwa wanaanika dagaa.

Sisi wenyewe upepo ukizidi sigara haiwaki tulikuwa tunahamia kwenye ugoro. Nilikuja kucheka niliposikia kwamba bazoka ya nikotini, ile dawa ya kuachia sigara, wazo lake lilitoka kwa mabaharia wa nyambizi wa Sweden, wamekatazwa kuvuta kule chini wakawa wanatafuna tumbaku. Maji ni maji tu.

La hela nalipita haraka. Mtu akiwaletea tisheti na nauli ya boti, ulizeni hela imetoka mfuko gani. Mwaka 2017 kampuni ya Philip Morris International iliahidi kama dola milioni 80 kila mwaka kwa taasisi iliyojiita ya dunia isiyo na moshi, Shirika la Afya Duniani likasema halitashirikiana nayo. Na nchi yetu imo kwenye mkataba wa kudhibiti tumbaku tangu 2007, kifungu cha 5.3 kinataka sera za afya zilindwe na hao hao wenye makampuni ya tumbaku. Kama hela hamna, njooni na daladala.

Msije wakati wa giza, hamtampata mtu, na mkimpata ana usingizi. Njooni mbalamwezi ikikomaa, vijana wanashona nyavu kutwa na wana maneno. Mimi nitakuwa pale kwa mama wa chai upande wa dagaa, na hiyo fomu mje nayo ya karatasi, ile ya kwenye simu jua la mchana hatuioni.