Malalamiko kuhusu programu ya hesabu isiyofunguka kwenye Windows 7

Arua,
Agosti 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Bwana Meneja,

Tarehe 3 mwezi huu nilinunua programu yenu ya hesabu za duka kwa shilingi 180,000. Kabla ya kulipa nilisoma jalada mara mbili, kwa kuwa kompyuta yangu ya nyumbani ni ya zamani: Windows 7, RAM ya GB 2. Jalada limeandikwa "Windows 7 na kuendelea". Muuzaji naye akaniambia, "Haina shida, mama."

Nilipoanza kuisakinisha ilikwama, ikadai Service Pack 1, yaani kifurushi cha masasisho ya Windows 7. Nikanunua bando, nikapakua faili la kifurushi hicho, la zaidi ya megabaiti 500, umeme ukakatika katikati, nikaanza upya. Usiku wa pili usakinishaji wa programu ukafika asilimia 100. Nikabofya alama yake, kikatokea kidirisha kinachosema hii si programu halali ya Win32. Nikaiondoa, nikairudishia. Kidirisha kilekile.

Mwanangu ndiye aliyegundua. Alifungua Properties (ukurasa wa sifa) za kompyuta, tukasoma: mfumo wa biti 32. Kumbe programu yenu ni ya biti 64 tu, na programu ya namna hiyo haifunguki kwenye Windows ya biti 32! Windows 7 ilitoka kwa namna zote mbili, na hilo ninyi mnalijua kuliko mimi. Mngeandika "biti 64" kwenye jalada, nisingeinunua.

Kilichoniuma zaidi ni fundi wa wakala wenu hapa mjini. Nilimpelekea CPU, lile kasha la kompyuta, kwa boda, nimeipakata kama mtoto. Hakuiwasha hata kidogo. Alisema niitupe, ninunue nyingine, kisha akadai shilingi 20,000 za ukaguzi. Mashine hiyo ina prosesa ya Core 2 Duo, ambayo inakubali biti 64. Angeitazama angeona kwamba cha kubadilisha ni Windows, iwekwe ya biti 64, kompyuta yenyewe ni nzima, na angenionya ninakili kwanza kumbukumbu zangu kwenye diski ya nje. Madeni ya wateja wangu wote yamo humo.

Najua Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na ushauri wa kuhama siukatai. Lakini ninyi ndio mliochapisha kwamba inafaa, mkapokea pesa yangu.

Naomba nipewe toleo la biti 32. Kama halipo, nirudishiwe shilingi 180,000 pamoja na zile 20,000, maana hakuna kilichokaguliwa. Tena majalada yaliyobaki madukani yabandikwe maelezo sahihi, kwani hapa Arua kompyuta za mtumba kama yangu ni nyingi.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha ya kidirisha hicho. Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu mwaminifu,
Mteja, Arua