Picha zetu zina ukuta wa kutundikwa

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa huu barua ya msomaji aliyesema simu imeua kazi ya upigaji picha, na kwamba kijana anayenunua kamera leo anatupa pesa. Nina studio ndogo Chumbageni, Tanga, huu ni mwaka wa 14. Ni kweli picha za pasipoti zimepungua, na harusini kila shangazi ana kamera mkononi. Lakini ipo kazi ambayo simu haijaigusa, na tumeiacha wenyewe: kusafisha picha zetu, kuzitia fremu na kuziuza.

Mimi nilizinduka baada ya kuibiwa. Mwaka 2021 nilipeleka picha za mahafali katika nyumba moja ya wageni, nikakuta ukutani picha yangu ya kivuko cha Pangani, kubwa kama mlango. Walikuwa wameichukua mtandaoni. Faili lenyewe dogo, hivyo nyuso za abiria zilikuwa zimevunjika vidoto vidoto, baiskeli huijui kama ni baiskeli. Meneja akaniambia, "Ndugu yangu, vya mtandaoni ni vya wote." Si vya wote. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda picha tangu inapopigwa, hata kama hujaipeleka kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Waliishusha baada ya wiki 2 na hawakunilipa. Ila lililoninyima usingizi ni jingine: kumbe kuna mtu anaitaka picha hii ukutani kwake kiasi hicho, nami sijawahi kuuza hata nakala moja.

Nikaanza, na nikaanza vibaya. Nilisafisha picha 12 za tembo, twiga na jua likizama, nikidhani mnunuzi ni mtalii. Mwaka mzima ziliuzika 2. Mtalii ametoka mbugani, tembo wake kampiga mwenyewe. Mambo yalibadilika nilipotundika kile kivuko mbele ya studio. Nilikipiga mwaka 2016, ujenzi wa daraja haujaanza, alfajiri jua likitokea upande wa baharini, watu wamesimama na baiskeli na matenga yao wakielekea Bweni, ng'ambo ya mto. Mama mmoja mzaliwa wa Bweni, sasa anaishi Tabata, Dar es Salaam, alisimama mbele yake muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, hapo ndipo marehemu baba alipokuwa akinipokea nikitoka shule." Alilipa shilingi 70,000 bila kuomba nipunguze, na mwezi uliofuata dada yake akaagiza ya kwake. Wanunuzi wangu wengi ni watu wa namna hiyo: wenyeji wa Pangani na Muheza waliohamia mbali, wanaotaka kwao kuwepo sebuleni.

Sasa niseme kuhusu karatasi, maana hapa ndipo nilipotia watu hasara. Nakala zangu za kwanza nilizitoa kwenye karatasi ya bei nafuu ya kung'aa, kwa wino wa kawaida wa printa, nikazibana moja kwa moja kwenye kioo. Kwa unyevu wa Tanga, ndani ya miezi 8 picha 3 zilikuwa zimegandana na kioo, na iliyotundikwa mkabala na dirisha ilikuwa imepauka, wekundu wote umekwenda. Nilirudisha pesa zote. Siku hizi natumia karatasi ya pamba isiyo na asidi na wino wa chembe za rangi, ambao haupauki upesi, na kati ya picha na kioo naweka kadibodi iliyokatwa dirisha ili hewa ipite. Faili nalo lipimwe kabla. Kamera yangu inatoa nukta 6000 kwa 4000. Ukigawa kwa nukta 300 za kila inchi unapata inchi 20 kwa 13, yaani karatasi ya A3 inatosha na kubaki. Picha ileile ikishapita WhatsApp hupunguzwa nukta, na kwa kawaida inabaki inafaa kadi tu. Na kwa kuwa kioo cha kompyuta kinawaka na karatasi haiwaki, toa kwanza kipande kidogo cha majaribio, kwani picha karibu zote hutoka na giza kuliko ulivyoziona.

Mzee aliyeshika kamba mbele kabisa ya kivuko nilimfuata Pangani kwa basi, nikampa nakala ya kwanza na kumwomba ruhusa ya kuuza. Alikubali kwa sharti moja, picha yake isitundikwe baa. Mwaka jana baa moja ilitaka 4 kwa mkupuo, nikakataa, na nitakataa tena. Picha za harusi za wateja siuzi kabisa.

Ombi langu ni kwa wenzangu wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe. Karatasi ninayoitumia naifuata Dar es Salaam, roli la inchi 24, na mtu mmoja analimaliza kwa miezi huku pesa yake imelala. Tukiwa watano tunaweza kununua pamoja na kugawana. Fundi fremu mzuri ninaye, yuko Ngamiani hapa Tanga, na anajua kukata kadibodi bila kuikwaruza. Mwenye nia aje studio Jumatatu yoyote asubuhi, aje na picha 3 za kwao, siyo za tembo.

Mpiga picha,
Chumbageni, Tanga