Malalamiko kuhusu namna mnavyotangaza vita vya mashariki mwa Kongo

Kigoma
Machi 2025

Mhariri Mkuu,
Chumba cha Habari

Ndugu Mhariri,

YAH: UPENDELEO KATIKA HABARI ZA VITA VYA KIVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msikilizaji wa siku nyingi wa redio yenu, na tangu mlipoanza kuweka habari mtandaoni nimekuwa msomaji pia. Huku kwetu Kigoma vita vya Kongo si habari za mbali. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, sokoni tunauziana na watu wa Kalemie na Uvira, na wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo taarifa yenu ikitoka, tuna namna ya kuipima.

Siwatuhumu kusema uongo. Ingekuwa uongo ningewaandikia mistari mitatu na kuambatisha ushahidi. Tatizo lenu ni kwamba mmeacha kupima. Habari ya Kongo kwenu imekuwa "huyu kasema, yule kakanusha", kisha matangazo ya biashara. Ninyi mnaita hivyo kutoegemea upande. Kwa mtazamo wangu mnaegemea upande wa mwenye msemaji hodari, na kwa miaka hii michache upande huo umekuwa mara nyingi wa waasi wa M23 na wanaowaunga mkono, ingawa serikali ya Kinshasa nayo mmeibeba pale ilipowafaa.

Nianze na la zamani kidogo, maana hapo ndipo nilipoanza kuwashtukia. Novemba 29 na 30, 2022, raia waliuawa Kishishe na Bambo, huko Rutshuru, Kivu Kaskazini. Serikali ya Kongo ilitaja kwanza watu 50, baada ya siku chache ikapanda hadi karibu 300. M23 wakasema raia waliokufa ni 8, tena kwa risasi zilizopotea. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa hawakuweza kufika Kishishe kwenyewe, lakini waliwahoji waathirika na mashahidi 52 waliokuwa wamekimbilia Rwindi, wakatoa matokeo ya awali: M23 waliwaua watu wasiopungua 131, wakiwamo wanawake 17 na watoto 12. Sasa taarifa yenu ikasemaje? "Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 8 na 300."

Itazameni vizuri sentensi hiyo. Ina namba mbili, na zote mbili zimetoka kwa wanaopigana. Mmoja alikuwa na sababu ya kupunguza, mwingine alikuwa na sababu ya kuongeza, nanyi mkawapa wote wawili nafasi. Aliyekaa na mashahidi mmoja baada ya mwingine, akahesabu, ndiye pekee aliyekosekana. Msikilizaji wa kawaida ukimwambia "kati ya 8 na 300" atakachobaki nacho ni kwamba hakuna anayejua lolote. Na kwa aliyeua, hilo linatosha kabisa.

Mei 3, 2024, mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani za Mugunga na Lac Vert, pembezoni mwa Goma. Walikufa zaidi ya watu 10, wengi wao watoto. Marekani ilisema wazi kwamba mabomu yalirushwa kutoka maeneo yaliyoshikwa na jeshi la Rwanda na M23, Rwanda ikakanusha. Kichwa chenu cha habari kilikuwa "Bomu laua wakimbizi Goma". Bomu lilijiendea lenyewe, inaonekana. Ndani ya habari, tuhuma ya Marekani ilipewa nusu sentensi na kanusho likapewa aya nzima pamoja na sauti ya msemaji. Wiki hiyohiyo nilisikia habari yenu ya Ukraine: "Makombora ya Urusi yaua raia Kharkiv." Hapo aliyerusha alitajwa mwanzoni kabisa, na Urusi nayo hukanusha kila siku. Kwa hiyo uwezo wa kumtaja mtendaji mnao. Swali langu ni kwa nini unaishia Ulaya.

Januari mwaka huu ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. M23 walipoingia Goma kati ya Januari 26 na 27, habari yenu kubwa kwa siku nzima ilikuwa askari wa kigeni: wa Afrika Kusini, wa Malawi, na wetu wa JWTZ. Sina ugomvi na hilo, wale ni watoto wa watu na taifa lina haki ya kujua. Lakini mji wenye watu wapatao milioni mbili, wakiwamo maelfu kwa maelfu waliokwisha kukimbia mara mbili au tatu, ukageuka kuwa mandhari ya nyuma. Februari 5 uongozi wa MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ulieleza kwamba miili takribani 2,000 imekwisha kuzikwa Goma na mingine 900 bado ipo vyumba vya maiti. Niliisubiri habari hiyo kwenu jioni nzima. Ikaja ya sita, baada ya ligi.

Nina shemeji anayeishi mtaa wa Majengo, Goma. Usiku ule wa mapigano walilala sakafuni yeye, mke na watoto, magodoro wameyaegemeza madirishani. Umeme ulikatika, maji yakakatika, na mtandao ukaja kwa kuibia. Kulipokucha siku ya tatu akanitumia ujumbe wa sauti akiwa anateremka ziwani na madumu, kwa sababu maji ya kunywa yalikuwa ni hayohayo ya Ziwa Kivu. Ukiusikiliza ujumbe ule unasikia watu wengi njiani, madumu yanagongana, na yeye anasema kwa sauti ya chini: "Shemeji, hapa barabarani kuna miili, watoto nimewaambia waangalie juu." Jioni ya siku hiyo mtangazaji wenu akatuambia hali mjini Goma "imeanza kurejea kuwa ya kawaida", na ushahidi aliotoa ni msemaji wa waasi. Hata leo ninapoandika, benki za Goma zimefungwa na uwanja wa ndege umefungwa. Mtu mwenye akaunti inabidi avuke mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta hela yake. Ila video ya watu wakifagia barabara kwenye usafi wa Jumamosi mliirusha, tena zaidi ya mara moja. Hakuna aliyewauliza wafagiaji kama walikuwa na hiari ya kubaki nyumbani.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Goma ni mji wa Kiswahili. Bukavu vivyo hivyo. Ni cha kwao, kina ladha yake, lakini mtu wa Goma na mtu wa Kigoma wanaelewana bila mkalimani. Ninyi ni redio ya Kiswahili. Ilitakiwa muwe ndio mnaotuletea sauti ya muuza mkaa, ya muuguzi, ya mama aliyetoka Sake, mji ulio jirani na Goma, kwa miguu, kabla ya redio yoyote ya Ulaya. Badala yake tunasikia msemaji wa serikali kwa Kifaransa, msemaji wa waasi kwa Kiingereza, mtangazaji anatafsiri, kwaheri. Wanaozungumza lugha yetu ndio hatuwasikii.

Halafu kuna ile picha. Kwenye ukurasa wenu, chini ya habari ya watu kuikimbia M23, mliweka picha ya umati wenye magodoro na mbuzi ukipita kwenye barabara ya lami. Ile ni picha ya Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 22 na watu wa Goma kuamriwa kuhama. Walikuwa wanaelekea Sake. Januari 2025 Sake ndiko vita vilikokuwa vinatokea. Watu walikuwa wanakuja Goma, si kwenda. Mtu yeyote aliyewahi kupita barabara ile angewaambia. Niliandika chini ya habari, picha ikabadilishwa kimyakimya, wala hamkuweka neno moja la kuwaambia wasomaji kilichotokea.

Nije kwenye suala la Rwanda, ambalo mnalizunguka kama kisima kisicho na kifuniko. Ripoti ya Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Julai 2024 ilikadiria kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wapo Kongo pamoja na M23. Rwanda husema inachukua hatua za kujihami dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Februari mwaka huu Rais Paul Kagame alipoulizwa na CNN kama askari wake wapo Kongo, alijibu kwamba hajui. Ninyi mpaka leo mnasema "waasi wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda". Februari 21 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2773 kwa kura zote 15, likilitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke mara moja Kongo. Baada ya hapo "wanaodaiwa" inamlinda nani?

Azimio hilohilo, na naomba mlione hili kwa sababu mimi si wakili wa Kinshasa, linalaani pia msaada ambao majeshi ya Kongo yanawapa FDLR. Bado asubuhi yake mlisoma kipande hicho peke yake. Msikilizaji aliyewasha redio saa moja alijua kwamba Umoja wa Mataifa umeikemea Kongo. Kipande cha Rwanda kilikuja saa nne, kwa muhtasari. Tungepewa vipande vyote viwili kwa pamoja, kama vilivyoandikwa, nisingekuwa na la kulalamikia hapo.

Niwape haki yenu panapostahili. Milipuko ya Februari 27 kwenye mkutano wa hadhara wa Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano ambao M23 wamo, mjini Bukavu, ambako watu wasiopungua 11 waliuawa, mliitangaza vizuri. Kila upande ulimnyooshea mwenzake kidole, uchunguzi huru haukuwapo, nanyi mkasema hivyo hivyo: hawa wanasema hivi, wale vile, hakuna aliyethibitisha. Pale "huyu kasema, yule kakanusha" ndiyo ilikuwa hali halisi. Kinachonikera ni kuitumia fomula hiyohiyo pale ambapo mtu wa tatu amekwisha kuchunguza na kuandika.

Na upendeleo wenu hauendi upande mmoja. Kwenye kipindi chenu cha simu, mpigaji mmoja alisema Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo wa Kivu Kusini, wote "warudi kwao", mtangazaji akacheka na kumkaribisha anayefuata. Kwao ni wapi, Ndugu Mhariri? Mababu zao walikuwa kwenye milima ya Itombwe kabla wakoloni hawajachora mpaka. Novemba 2023, palepale Goma, kundi la watu lilimuua na kumchoma moto mwanajeshi Munyamulenge aliyekuwa anatumikia jeshi la Kongo lenyewe. Kauli kama ile ya mpigaji wenu ndizo zinazotangulia mambo kama hayo. Watu wa redio hawahitaji kufundishwa hili na mtu wa mitaani: waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari, walihukumiwa hapahapa kwetu Arusha, Desemba 2003, kwa yale redio yao iliyoyafanya Rwanda mwaka 1994.

Kuhusu "mchambuzi wa masuala ya Maziwa Makuu" mnayemwita karibu kila wiki sitasema mengi. Mtandaoni ana picha ya nembo ya M23 kwenye ukurasa wake, hadharani, haifichi. Ana haki ya kuamini anachoamini. Nasi tunayo haki ya kuambiwa kabla hajaanza kutuchambulia.

Ninachoomba kinatekelezeka. Isomeni upya habari ya Kishishe iliyo kwenye tovuti yenu na muirekebishe, mkionyesha juu kabisa kwamba imerekebishwa na kwa nini. Picha ya Nyiragongo nayo ipate maelezo hayohayo. Kipindi cha simu kiwe na mtu wa kukata laini, na mtangazaji aliyecheka atoe tamko hewani. Mchambuzi atambulishwe anasimama wapi, au mtafute mwingine wa upande wa pili akae naye. Na juu ya yote tafuteni mwandishi Goma na mwingine Bukavu, hata kama ni wa kulipwa kwa habari, atuletee watu wanaoishi kule wakizungumza wenyewe. Najua usalama ni mgumu na sitaki mtu aumie kwa ajili ya barua yangu. Jina la shahidi linaweza kufichwa, sauti ikabadilishwa. Wenzenu wanafanya hivyo.

Mkiwa na sababu za kihariri ambazo sizijui kutoka nje, nielezeni kwa maandishi, nitazisoma. Nisipopata jibu hadi mwisho wa mwezi ujao, nitapeleka malalamiko haya Baraza la Habari Tanzania, na suala la kipindi cha simu nitalifikisha Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Rekodi ya kipindi hicho ninayo, na nakala za kurasa zenu kabla na baada ya picha kubadilishwa ninazo pia.

Wenu,

Msikilizaji wa Kigoma
(Jina kamili na namba ya simu vimo ndani ya bahasha, naomba visitangazwe.)

Nakala: Mkuu wa Vipindi