Mbona tunauliza kama mzee anavuta sigara?

Ukija dukani kwetu kumnunulia mzazi fremu ya kutembelea, tutakuuliza kimo chake, kama choo kiko ndani au nje, halafu: mzee anavuta? Binti mmoja alitukata jicho. "Baba kavunjika nyonga, kaka, si mapafu."

Dada yetu, mifupa nayo inaula huo moshi. Mfupa si jiwe; kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa tena. Sigara hupunguza damu inayoufikia, huwadhoofisha mafundi wenyewe, yaani seli zinazoujenga, na tumbo nalo hufyonza kidogo tu madini ya kalisi yanayoimarisha mfupa. Kina mama wanaovuta hukoma hedhi mapema, mwaka mmoja au miwili kabla ya wenzao, na homoni iliyokuwa ikilinda mifupa hupungua mapema vilevile.

Kinachowapumbaza watu ni kwamba hasara hujilimbikiza kimyakimya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 1997 uliwalinganisha wanawake wavutaji na wasiovuta. Kwenye miaka 60, hatari ya kuvunjika nyonga kwa wavutaji ilizidi kwa asilimia 17. Kwenye 70 ikawa 41, kwenye 80 ikafika 71. Kwa hiyo mzee akikwambia "nimevuta miaka yote hii, mbona mzima?", hesabu yake bado inapanda.

Na ajali yenyewe huwa ndogo tu. Ndara zimelika kisigino, sakafu ya choo ina maji, mzee anateleza na kuangukia ubavu. Mwingine angeinuka na mchubuko. Huyu shingo ya paja, pale mfupa unapokuwa mwembamba, imekatika.

Kama bado anavuta, daktari wa upasuaji aambiwe ukweli. Wavutaji hupona polepole: kidonda huchelewa kufunga na mfupa huchelewa kuunga. Tusidanganyane pia, kuacha leo hakurudishi nyonga ya ujana. Kwa wauguzi wanawake wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka, hatari ya kuvunjika nyonga ilionekana kupungua baada ya kama miaka 10 ya kuacha. Wewe mwenye miaka 50 unayemletea baba fremu, kama nawe unavuta, hapo unahusika.

Fremu tunaileta nyumbani na kuirekebisha mzee akiwa amesimama, mikono imening'inia: vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono. Kabla ya kuja, pima upana wa mlango wa choo. Nyingi zinazorudishwa hapa ziligoma kupita pale.