Kompyuta niliyoiunga mwenyewe haiwaki asubuhi mpaka ipate joto: nianze kubadili nini?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, mkazi wa Raskazone, na nyakati za jioni hutengeneza kadi za harusi na kuchapa mitihani ya majaribio kwa shule za jirani. Kazi hiyo yote naifanya kwa kompyuta ya mezani niliyoiunga kwa mikono yangu mwaka 2020, kifaa kimoja kimoja, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Nakuandikia kwa sababu tangu mvua za masika kompyuta hiyo inasumbua kuwaka, nimekwisha kupima karibu kila kitu ambacho mtu asiye fundi anaweza kukipima, na vipimo vyangu vimenifikisha mahali ambapo majibu mawili yote yanaonekana kuwa ya kweli. Kabla sijatoa fedha ningependa kupata ushauri wako.

Kwanza nieleze kilichomo ndani. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Ryzen 5 2600, imekaa kwenye mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ya B450. RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ni vijiti viwili vya DDR4, kila kimoja GB 8, vilivyoandikwa kasi ya 3200. Kadi ya picha ni GTX 1050 Ti, ile isiyohitaji waya wake wa umeme. Kisha kuna SSD moja na diski moja kubwa ya kuhifadhia kazi za zamani. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ni ya wati 450, nayo ndiyo kifaa pekee nilichokinunua kikiwa kimeshatumika, kutoka kwa mtu aliyeitoa kwenye mashine yake, nami sikumuuliza ina umri gani. Nakiri kwamba hapo nilifanya ubahili mahali pasipofaa. Kwa hesabu ya mzigo, hata hivyo, wati hizo zinatosha na kubaki, maana prosesa hii imepangiwa wati 65 na kadi ya picha wati 75.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Nikitoka kuswali alfajiri hubonyeza kitufe cha kuwashia. Feni zinazunguka, taa ya mbele inawaka, halafu baada ya sekunde mbili hivi kila kitu kinazima, na kutoka upande wa pawa saplai husikika mlio mdogo mkavu, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Inatulia kidogo, inajiwasha yenyewe, inazima tena. Ikifika mara ya nne au ya tano ndipo hushika, nayo hapo mwanzo ilikuwa ikishika inaleta maandishi ya kwamba mipangilio ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, imerudishwa ya kiwandani, na saa ikionyesha tarehe ya miaka iliyopita. Baada ya hapo inafanya kazi kutwa nzima bila kosa. Naweza kuizima adhuhuri na kuiwasha alasiri, ikawaka kwa mbonyezo mmoja kama vile haijawahi kuugua.

Nilianza kwa kumpelekea fundi mmoja huko Ngamiani. Alichomoa kadi ya picha, akachomeka waya wa monita moja kwa moja kwenye mazabodi, akaona skrini nyeusi, akanitangazia kwamba mazabodi imekufa na ninunue nyingine. Nilirudi nyumbani na huzuni, na siku mbili baadaye, nikisoma maelezo ya prosesa yangu, nikagundua kwamba Ryzen 5 2600 haina sehemu ya picha ndani yake kabisa. Ukitoa kadi, skrini itakuwa nyeusi hata mashine ikiwa nzima kuliko siku iliyotoka dukani. Simlaumu sana, kwani mashine nyingi zinazopita mezani kwake ni za maofisini zenye picha ndani ya prosesa, lakini tangu siku hiyo niliamua kupima mwenyewe na kuandika kila jambo kwenye daftari.

Jambo la kwanza nililoliandika ni kwamba kati ya usiku na mchana mashine yangu hupatwa na mambo mawili kwa pamoja, na hilo ndilo lililonichelewesha. Usiku inapoa, ndiyo, lakini usiku pia huizima kwenye swichi ya ukutani, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na jirani yangu alikwisha kuunguza televisheni. Mchana nikiizima, swichi ya ukutani huiacha wazi, hivyo mazabodi inaendelea kupata ule umeme mdogo wa volti 5 unaobaki hata mashine ikiwa imelala. Basi nikawa sijui kama inakataa kuwaka kwa sababu imepoa, au kwa sababu imenyimwa umeme huo usiku kucha na betri ya saa imeshindwa kuitunzia kumbukumbu.

Nikavitenganisha. Siku ya Jumamosi, mashine ikiwa bado na joto la kazi, niliizima ukutani kwa saa mbili. Ilipowashwa ilishika mara moja, bila kujizima, ila tarehe ilikuwa imepotea na yale maandishi ya BIOS yakaja. Nikapima betri, ile bapa ya CR2032, nikapata volti 2.4 wakati inapaswa kuwa 3 au zaidi kidogo. Nikanunua mpya, iliyopima 3.2, na tangu hapo saa haijakosea wala maandishi yale hayajarudi. Lakini asubuhi iliyofuata ilijizima mara tatu kabla ya kushika. Kwa hiyo betri ilikuwa mgonjwa wa kweli, ila si yeye aliyekuwa akiizima mashine.

Likabaki suala la joto. Utaniuliza baridi gani hiyo Tanga, na mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Hapa si Lushoto, na asubuhi yetu ya Julai ni nyuzi 20 na kitu. Hata hivyo nilienda kwa dada mwenye saluni jirani, nikamwomba drayer. Alinitazama kichwa changu, ambacho hakina nywele za kukausha tangu mwaka 2011, akasema, “Shikamoo mwalimu, unampelekea mama?” Nilipomjibu kwamba ni ya kompyuta alicheka mpaka mteja wake akageuka na sabuni kichwani. Asubuhi yake, kabla sijabonyeza chochote, nilipuliza hewa ya vuguvugu kwenye matundu ya nyuma ya pawa saplai kwa dakika tatu, nikiwa nimeishika mbali kidogo ili nisiunguze kitu. Mashine iliwaka kwa mbonyezo wa kwanza. Siku ya pili nikageuza: niliifungua ubavuni, nikapuliza mazabodi na RAM peke yake, pawa saplai nikaiacha ilivyolala. Ilijizima mara tatu kama kawaida yake. Nilirudia majaribio yote mawili siku mbili zaidi na majibu hayakubadilika.

Nimesoma kwamba kapasita, yaani vile vifaa vidogo vinavyotunza na kutuliza umeme, zile za mviringo zenye maji ya kemikali ndani zikizeeka, uwezo wake wa kupitisha umeme kwa haraka hupungua, na zinapokuwa za baridi huwa vibaya zaidi, kisha zikipata joto hurejea kiasi. Kama nimeelewa vyema, pawa saplai yangu inapowashwa ikiwa imepoa inashindwa kuutuliza umeme wake kwa wakati, basi haitoi, au inatoa na kuuondoa, ule mshipa wa kuijulisha mazabodi kwamba umeme uko sawa, na ndiyo maana kila kitu kinazima. Nilimulika tochi kupitia matundu, nikaona kapasita moja ambayo kichwa chake si bapa kama cha wenzake, kimetuna kidogo. Chini yake kuna kitu cha kahawia, ambacho sijui kama ni maji yaliyovuja au ni ile gundi ya kiwandani tu.

Vipimo vya malti-mita navyo nakupa, ingawa ni malti-mita ya bei nafuu na siiamini sana. Kwenye soketi ya ukutani asubuhi napata volti 228 na usiku saa mbili napata 205, kwa hiyo siwezi kusingizia umeme kuwa mdogo, maana asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Waya wa zambarau, ule wa umeme wa kulala, unatoa 4.9. Waya wa njano, mashine ikiwa imeshika na imepata joto, unatoa 11.9, asubuhi katika zile sekunde mbili za mwanzo niliona 11.2 ikipita, kisha ikazima. Najua kiwango kinachoruhusiwa ni kupungua kwa asilimia 5, yaani isishuke chini ya 11.4, lakini najua pia kwamba malti-mita ya aina hii ni nzito kusoma mambo ya haraka. Nilijaribu vilevile kuiwasha pawa saplai ikiwa peke yake, kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi, na feni yake ilizunguka kila mara, hata alfajiri. Jaribio hilo sikulipa uzito, kwa sababu mtu asiye na mzigo kichwani hawezi kuonyesha kama mgongo unauma.

Mpaka hapo ningekwisha kununua pawa saplai mpya na kunyamaza. Lililonizuia ni hili. Rafiki yangu wa Makorora aliniazima pawa saplai ya mashine yake kwa siku mbili. Asubuhi ya kwanza iliwaka bila shida. Asubuhi ya pili feni zilizunguka na hazikuzima, mlio ule haukusikika, lakini skrini ilibaki nyeusi na kwenye mazabodi ikawaka taa ndogo ya njano iliyoandikwa DRAM, yaani inayohusu RAM. Nilihesabu sekunde kama 40, nikakaribia kuchomoa waya, ndipo ikajiwasha upya yenyewe na kuingia. Jioni rafiki yangu akaja kuchukua kifaa chake, hivyo sikupata asubuhi ya tatu.

Sasa sijui kama huo ni ugonjwa wa pili, uliokuwa umejificha nyuma ya ule wa kwanza, au ni kawaida ya mazabodi hizi za Ryzen kujifunza upya namna ya kuzungumza na RAM pale umeme unapokuwa umebadilika. Nikiri jambo moja linaloweza kunitia hatiani: siku hizo mbili nilikuwa nimeipangia RAM kasi yake ya 3200, wakati prosesa hii kwa mujibu wa watengenezaji wake inakubali mpaka 2933. Nimekwisha kuishusha hadi 2133. Nimesugua pia meno ya vijiti vya RAM kwa kifutio cheupe na kuyapangusa kwa spiriti, maana hapa kwetu hewa ya chumvi haina huruma. Skrubu za kasha langu zilizokuwa zikimetameta mwaka 2020 leo zina kutu ya rangi ya karafuu. Tangu nifanye hayo taa ya DRAM sijaiona tena, ila nimesharudia pawa saplai yangu ya zamani, na yenyewe hainipi nafasi ya kufika huko kabla haijazima mara tatu. Kijiti kimoja kimoja nimekijaribu katika tundu la pili kutoka kwenye prosesa, na vyote viwili vimefanya sawasawa.

Pawa saplai mpya ya wati 550 nimeulizia mjini nikaambiwa shilingi 180,000. Fundi mwingine, kijana mpole wa Chumbageni, amesema atafungua hii yangu na kubadili kapasita zote kwa shilingi 25,000. Bei yake inavutia, lakini nasikia ndani ya pawa saplai hubaki umeme wa zaidi ya volti 300 hata ikiwa imechomolewa, nami naogopa kwa ajili yake kabla sijaogopa kwa ajili ya mashine. Naogopa pia kwamba nitapewa kapasita zilizotolewa kwenye mashine nyingine iliyokufa, tukawa tumebadilishana wazee.

Ninachokuomba ni haya. Je, ushahidi wa drayer unatosha kuihukumu pawa saplai, au kuna kitu kingine upande ule ambacho nacho kinapata joto nikipuliza na mimi sikukifikiria? Ile taa ya DRAM ya siku moja niihesabu kuwa ni dalili ya mazabodi kuanza kuharibika, au niilaumu kasi ya 3200 na kuisahau? Nikinunua pawa saplai mpya halafu nikakuta mazabodi nayo inadai, nitakuwa nimemaliza akiba ya muhula mzima, kwa hiyo kama lipo jaribio moja la kutenganisha mambo haya bila kununua kitu, nipo tayari kulifanya hata kama ni la kuniamsha saa tisa za usiku. Mwisho, kwa muda huu wa kusubiri, kuna madhara gani nikiendelea kuipuliza kila asubuhi? Kazi za wateja nimekwisha kuzinakili kwenye diski ya nje, hivyo hofu yangu si kupoteza mafaili. Hofu yangu ni kuunguza kilicho kizima kwa sababu ya kilicho kibovu.

Nina oda ya kadi 300 za harusi ya mwisho wa mwezi, na dada wa saluni ameanza kuuliza drayer yake itarudi lini.

Wako,
Mwalimu mchapa kadi,
Raskazone, Tanga.